Msumari wa Nyuma ya Mlango

Inspekta aliisikiliza kaseti nzima ndani ya gari la kituo, kwa sababu kazi ni kazi, na mkataba wake haukusema kwamba masikio yanaachwa nyumbani. Vijana wanne walikuwa wakivipiga vyombo utadhani vyombo hivyo vimewatukania mama zao, na juu ya zogo lile mmoja akipayuka kwamba sheria zichomwe, wakubwa wachomwe, na mji wenyewe uchomwe ubaki majivu. Bendi iliitwa Kutu. Ilikuwa bendi ya panki, ya kwanza na ya mwisho katika mji ule, na ilidumu kwa muda usiomtosha mtoto mchanga kuota meno. Walijitoboa mashavu kwa pini, wakasimamisha nywele kwa sabuni ya kufulia, wakajipa majina ya kutisha watu. Koplo, aliyekuwa akiendesha, alisema debe tupu haliachi kuvuma. Inspekta akamwambia azime hilo debe.

Mpiga dramu wao, aliyeitwa Kishindo, alikuwa amekufa Jumanne. Mama yake alirudi kutoka kliniki akamkuta sakafuni katika chumba cha uani, kile kile ambamo bendi ilifanyia mazoezi zamani, miguu peku kwenye sakafu inayopitisha maji kila mvua ikinyesha, mkono ukiwa bado umekamata chuma cha kusimamishia maiki. Fundi wa maabara ya polisi alipoifungua amplifaya alikuta waya wa ethi, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme, umekatwa kwa koleo, na waya wenye moto umeunganishwa na bodi, lile kasha la chuma ambako maiki huchomekwa. Hapo hapakuwa na ajali. Mtu alikaa chini akaitengeneza mashine ile iue.

Mkuu wa Kituo hakujisumbua. Mdogo wa marehemu alikuwa fundi redio, ndiye aliyeikarabati amplifaya hiyo Jumatatu, na majirani walishawasikia ndugu hao wakizozana juu ya nani atakaa na mama. Kwa Mkuu hiyo ilikuwa kesi tayari, imeiva na kuepuliwa. Fundi redio alikuwa mahabusu tangu Jumanne jioni, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua. Mama yao, mjane aliyemzika mtoto mmoja juzi tu, angebaki na nyumba na kikohozi chake.

"Fundi mwenye akili zake haui kwa mashine aliyoitengeneza jana yake watu wakimwona," Inspekta alikuwa amemwambia Mkuu.

"Basi niletee mwingine kabla ya kesho," Mkuu akajibu bila kuinua macho. "Ukikosa, huyo huyo anatosha."

Anatosha! Utafikiri wanamchagulia mtu viatu vya kushindia. Inspekta alitoka ofisini mle akiwa ameuma meno, na tangu hapo hakuwa na subira na kiumbe yeyote.

Kilichomsumbua tangu mwanzo kilikuwa picha iliyopigwa na askari wa kwanza kufika. Amplifaya ipo mezani, soketi ukutani tupu, na waya wa umeme, ule wa kuchomoka mashineni, haupo. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri kwa mfano wa nane na kutundikwa nyuma ya mlango, kwenye msumari wa zamani, wa enzi za Kutu, uliofunikwa na koti la mvua. Sasa mtu aliyekufa kwa umeme hainuki akachomoa plagi, akakunja waya, akautundika, halafu akarudi kulala pale pale aendelee kufa. Mama aliapa kwamba hakugusa chochote isipokuwa uso wa mwanawe. Na siku zote, kwa miaka, waya ule ulikuwa ukining'inizwa kwenye msumari mpya ulio karibu na swichi. Inspekta alipomuuliza fundi redio huko mahabusu habari za msumari wa nyuma ya mlango, yule bwana alimkodolea macho mekundu akauliza, msumari gani tena? Wakati wa Kutu yeye alikuwa bado ananyonya.

Halafu kulikuwa na suala la alama za vidole. Amplifaya ilikuwa imefutwa ikang'aa. Haikuwa na alama hata za fundi redio, ambaye jana yake aliishika kila upande, na hilo peke yake lingemfungua Mkuu macho kama angetaka kuyafungua. Lakini plagi haikufutwa. Ilikuwa plagi mpya, nyeupe, aliyoifunga fundi redio siku ile ile ya Jumatatu, na ilikuwa na alama zake, alama za kaka yake, na alama za mtu wa tatu asiyekuwemo kwenye faili lolote la polisi.

Mtu wa tatu huyo alikijua chumba tangu enzi za Kutu, au asingeujua msumari. Waliobaki wa Kutu walikuwa watatu, na wote watatu walishaandika maelezo kwamba hawakukanyaga pale tangu bendi ivunjike. Bendi ilivunjika usiku wa onyesho lake la mwisho, ukumbi ulipowaka moto na mlinzi mmoja mzee akafia ndani. Kishindo alijisalimisha akasema ni sigara yake. Alifungwa akiwa kijana, akatoka na mvi, akaishi kwa kuwamba upya ngoma za shule. Wiki mbili kabla ya kufa alimwambia mama yake kwamba amechoka kubeba gunia la mwenzake, na kwamba atamwendea mwenye gunia amwombe aseme mwenyewe. Hakumtaja.

Wa kwanza walimkuta ndani ya ukumbi wa harusi, juu ya ngazi, akifunga utepe wa rangi ya waridi. Zamani aliitwa Wembe, akipiga gita, na katika picha ya jalada la kaseti alikuwa ameuma mnyororo wa baiskeli. Siku hizi alikuwa mpambaji. Kitambi kilimtangulia, mdomoni alibana pini zile zile, ila sasa zilikuwa za kubania maua. Alishuka akafuta jasho, akaanza kulalamika kabla ya kuulizwa kwamba mama wa bibi harusi amebadilisha rangi mara ya pili na haya ndiyo maisha yake.

Alipoambiwa aeleze Jumanne alikuwa wapi, alisema pale pale, chini ya macho ya mashangazi wa bibi harusi, ambao hawakumwacha hata aende haja. Koplo aliwauliza mashangazi wawili waliokuwepo, nao wakathibitisha kwa dharau kubwa. Wakati wote huo Wembe alikuwa akikunja waya wa taa ndogo ndogo, na Inspekta akaona mikono yake ikienda huku na huku, mfano wa nane, bila yeye kuitazama.

"Nani alikufundisha kukunja hivyo?"

Wembe alitazama mikono yake kama aliyeazimwa. Akacheka. Akaeleza kwamba ni mama yake Kishindo. Sakafu ya chumba kile ilikuwa ikitota, siku moja mpiga besi akarushwa na umeme hadi ukutani, na mama akaweka amri: wa mwisho kutoka achomoe plagi, akunje waya kwa mfano wa nane usije ukakatika ndani, autundike nyuma ya mlango. Siku atakapoukuta chini, umeme hakuna tena na bendi imekufa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaimba sheria zote zichomwe," Inspekta alisema.

"Zote isipokuwa ya mama," Wembe akajibu, na alikuwa na uso wa kutosha kuona haya kidogo. "Umeme ulikuwa wake."

Wanamapinduzi hao! Serikali nzima haikuwatisha, ila mjane mmoja mwenye swichi ya umeme aliwanyoosha kama chawa mbele ya mafuta ya taa. Inspekta aliuliza nani kwa kawaida alikuwa wa mwisho kutoka. Wembe alidhani ni Kishindo, maana pale ni kwao, au labda mpiga besi. Yeye mwenyewe alikuwa akitoka mbio, wasichana walikuwa wakingoja nje. Na mwimbaji je? Hapo Wembe aliguna kwa kinyongo cha miaka mingi. Ghasia kushika waya? Ghasia alikuwa mwimbaji, bwana mkubwa, wenzake walikuwa wapagazi wake. Hakuwahi kugusa waya maishani mwake.

Alitoa alama za vidole bila ubishi. Kuhusu moto wa ukumbini alisema maneno yale yale ya kwenye maelezo yake, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma shairi lisilomhusu. Kuhusu mazishi ya Kishindo alisema alitaka kwenda lakini ilikuwa msimu wa harusi.

Mpiga besi alikuwa daktari wa meno. Jina lake la zamani lilikuwa Gogo, na ukuta wa kliniki yake ulijaa picha za meno yanayocheka. Alikuwa na mgonjwa kitini, mdomo wazi, na hakutaka kumruhusu aufunge, kwa hiyo mahojiano yakafanyika mgonjwa akigeuza macho kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Jumanne mchana, alisema Gogo kwa sauti ya kuridhika, alikuwa akimng'oa jino la mwisho mke wa Mkuu wa Kituo. Koplo alikohoa akageukia dirishani. Basi, huyo alikuwa na shahidi ambaye hata Mkuu asingethubutu kumhoji.

Inspekta alimuuliza kuhusu ahadi. Kishindo alipojisalimisha, wenzake watatu walimwahidi mama yake kwamba watamtunza hadi mwanawe atoke. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia Inspekta hivyo, tena bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Nilimpelekea kalenda ya kliniki," Gogo alisema. "Kila mwaka."

Inspekta alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba hata mgonjwa aliona aibu. Kalenda! Mwenzako yuko gerezani kwa ajili yenu, mama yake anakohoa, wewe unampelekea picha ya jino lenye miguu. Gogo alitia vidole wino akavipangusa kwa uangalifu kimoja kimoja. Naye aliulizwa nani aliyekuwa akikunja waya, akasema huenda ni Kishindo, yeye akitoka na Wembe. Ghasia je? Hapana, Ghasia hakuwa mtu wa kazi za mikono. Lakini Inspekta alipokuwa mlangoni, daktari alisema kwa kunong'ona, akiwa amempa mgongo, kwamba kama polisi wanataka kujua habari za moto, si wamuulize aliyekuwa akiimba habari za moto. Inspekta aligeuka. Gogo alikuwa tayari amewasha mashine yake ya kutoboa meno, na uso wake ulisema hajasema kitu.

Ndivyo walivyokuwa. Mmoja hajui, mwingine anajua nusu, na wote wawili wangemwacha fundi redio anyongwe kuliko kukosa usingizi mzuri. Garini Koplo alipiga simu maabara, na jibu likaja kwamba alama za plagi hazikuwa za mpambaji wala za daktari.

Akabaki Ghasia. Na Ghasia, yule aliyepayuka kwamba mji uchomwe, alikuwa Mkuu wa Idara ya Kudhibiti Kelele mjini.

Inspekta alikuwa amelisoma hilo kwenye faili akadhani Koplo amefanya utani. Lakini ofisi ilikuwepo, ghorofa ya tatu, na bango mlangoni lilisema utulivu ni ustaarabu. Uani kulikuwa na ghala la amplifaya na spika zilizonyang'anywa watu, zimepangwa hadi darini, na katibu mukhtasi alieleza kwa fahari kwamba bosi mwenyewe huzifungua kwa mkono wake na kuziharibu ili zisirudi mitaani. Wiki ijayo, akaongeza, bosi anaapishwa kuwa Mkurugenzi wa Mji. Inspekta aliyahifadhi yote mawili. Mtu anayejua tumbo la amplifaya, na mtu ambaye wiki ijayo hawezi kumudu gunia lake kurudishwa mlangoni.

Ghasia aliinuka alipowaona, akamvutia Inspekta kiti, akamimina chai mwenyewe. Suti yake ilikuwa ya kijivu, sauti yake ya chini kama ya mtu aliye maktaba. Alisema kifo cha Kishindo kimemuumiza. Alisema Kutu ilikuwa ujinga wa ujana na yeye amesamehe ujinga huo. Alisema hajakanyaga nyumba ile tangu ukumbi uungue, na kwamba kama kuna lolote familia inahitaji, idara ina mfuko wa rambirambi. Inspekta alimuuliza habari za moto. Ghasia akatazama chai yake akasema mahakama ilishaamua, na kuheshimu mahakama ni msingi wa jamii. Hata Koplo, ambaye ni mpole, alionekana kutaka kutema mate.

Inspekta hakuwa amefuata maneno. Alifuata kikombe. Mkuu wa Kituo alishamkatalia katakata, kwa simu ya garini, kumwomba bwana mkubwa huyo alama za vidole, hasa baada ya wenzake wawili kusema hakuwahi kushika waya. Kikombe kingetosha kuanzia. Lakini mazungumzo yalipokwisha, Ghasia aliinuka, akavikusanya vikombe vyote vitatu, akavipeleka kwenye sinki la kona, akaviosha, akavifuta, akavipanga kwenye sinia midomo chini. Taulo akalikunja akalitundika. Katibu mukhtasi alisema kwa mahaba kwamba bosi yuko hivyo, hata kikombe cha mgeni hamwachii mtu.

"Ametushtukia," Koplo alisema wakiteremka ngazi.

"Au ndivyo alivyolelewa," alijibu Inspekta, na ghafla akasimama katikati ya ngazi, mkono kwenye chuma. Alikumbuka jambo ambalo mama alilisema msibani, na ambalo hakuna aliyelijali, maana nani anajali maneno ya msibani. Mama alisema Jumanne aliporudi alikuta vikombe viwili vya chai vimeoshwa na kupangwa midomo chini, na mwanawe tangu azaliwe hajawahi kuosha kikombe.

Walimkuta mama barazani, amejifunika kanga mbili na hali si baridi. Hakuuliza habari za kesho. Alimuuliza Inspekta kama mwanawe huko mahabusu anakula. Inspekta akasema anakula, na huo ulikuwa uongo, kisha akaketi karibu naye na kumuuliza kwa utaratibu: zamani zile, vijana wakimaliza kelele zao, nani alikuwa akibaki nyuma?

"Yule mwimbaji," alisema mama papo hapo.

Inspekta alimwambia kwamba wenzake wanasema hakuwahi kugusa waya.

"Wenzake watajuaje? Walikuwa wameshakimbilia wasichana, na huyu wangu yuko nao mbele." Mama alitikisa kichwa. "Yule mtoto mbele za watu alikuwa kichaa, lakini mimi nilikuwa jikoni, nilikuwa namwona. Akibaki peke yake anachomoa, anakunja, anatundika. Anakuja jikoni ananioshea vyombo. Ananiambia, mama, waya nimeutundika. Nami namjibu, ahsante, mwanangu. Kila siku. Hata huyu wangu nilikuwa nikimwambia, muige mwenzako."

Uso wa mama ulikwenda mahali, ukarudi, na uliporudi haukuwa ule ule.

"Vikombe," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

Alizikaza kanga zake mabegani, na aliposema tena sauti ilikuwa kavu. Alitaka kujua ni nini kinachohitajika ili mdogo wa marehemu alale nyumbani leo. Inspekta akamwambia: alama za vidole vya yule mwimbaji, azitoe mwenyewe, bila kulazimishwa, mbele ya mashahidi. Mama akasema mwiteni. Mwambieni mimi ndiye ninayemwita, nataka kumpa mkono wa rambirambi kabla hajawa mkubwa. Atakuja, alisema mama. Ana adabu.

Alikuja kweli, tena alikuja na mpiga picha wa idara, maana mkono wa mama mfiwa si kitu cha kupoteza wiki moja kabla ya kuapishwa. Koplo alimzuia mpiga picha getini. Kabla ya hapo fundi wa maabara alikuwa amerudisha amplifaya mezani ikiwa salama, imefungwa plagi mpya iliyofutwa, plagi imechomekwa, na waya umeachwa umetambaa sakafuni. Msumari wa karibu na swichi ulikuwa unang'aa wazi, anayeingia lazima auone. Mlango ulifunguliwa hadi ukutani, koti la mvua nyuma yake.

Inspekta alimwomba Ghasia athibitishe tu kama amplifaya ile ndiyo ya enzi za bendi. Ghasia aliitazama kwa huzuni iliyopigwa pasi vizuri. Akathibitisha. Akaanza kueleza kwamba vifaa hivi ni hatari kwenye nyumba za watu, kwamba atakapoapishwa atatunga sheria ndogo, na kwamba kifo cha rafiki yake hakitakuwa cha bure. Sheria hiyo, alisema, ataipa jina la Kishindo. Inspekta aliitikia ndiyo, ndiyo, akatoka nje kana kwamba yamekwisha. Koplo akamfuata. Ghasia akabaki wa mwisho, bado akizungumza, akiwasindikiza kwa maneno yake kuelekea mlangoni.

Kisha, huku mdomo ukiendelea na sheria ndogo, mwili wake ukasimama. Aliinama akachomoa plagi ukutani, akauchomoa waya mashineni. Akaushika, mikono ikaanza kwenda huku na huku, mfano wa nane, bila macho kuitazama hata mara moja. Alipomaliza hakuugeukia msumari unaong'aa. Aliuvuta mlango, akaliinua koti la mvua kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akautundika waya pale ulipokuwa Jumanne. Akajipangusa viganja. Wala hakujua kama amefanya kitu. Inspekta aliyaona yote kupitia dirisha la uani, na Koplo alikuwa bega kwa bega naye, na sasa alielewa kwa nini mtu aliyefuta mashine nzima aliisahau plagi. Hakuisahau. Hakuwa na habari kwamba ameishika. Mazoea yana taabu, wamesema wahenga.

Ghasia alitoka uani akinyoosha tai yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mahali alipokuwa akisimama zamani.

"Ahsante, mwanangu," mama alisema.

"Si kitu, mama, waya nimeu—"

Aliishia hapo. Rangi ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Aligeuka akautazama mlango, akaitazama mikono yake, akamtazama Inspekta, ambaye tayari alikuwa akivaa glovu, na fundi wa maabara aliyekuwa akitoka stoo na mfuko wake wa vielelezo. Alifungua mdomo. Yule bwana aliyeutaka mji mzima uwake alitafuta neno moja akakosa.

Halafu akapata, na ilikuwa heri angekosa. Alisema ilikuwa ajali. Inspekta akamuuliza ipi, ya ukumbi au ya Jumanne? Akasema kwamba ukumbini alitaka tu pazia liwake kidogo, kwa ajili ya wimbo, na kwamba Kishindo mwenyewe ndiye aliyejitolea, tena kwa hiari, na sasa baada ya miaka yote hiyo anaanza kudai aseme, wiki hii, wiki hii hasa, angalau angengoja. Alimwomba Kishindo angoje. Kishindo alikwenda jikoni kuchemsha chai. Hapo Ghasia alinyamaza, maana alikumbuka yeye ni nani na hao wanaomsikiliza ni akina nani, akasema hatasema zaidi bila wakili.

Koplo alimtia pingu. Inspekta alipiga simu kituoni, akamwambia Mkuu kwamba alama za plagi ya pili ziko njiani zikalinganishwe na za ile ya kwanza, kwamba mtuhumiwa ametamka mbele ya askari watatu, na kwamba fundi redio aachiwe jioni hii hii, apewe na sabuni aoge. Mkuu aliuliza mtuhumiwa ni nani. Alipotajiwa, akauliza kwa sauti ndogo kama kweli hakuna mwingine anayetosha.

"Huyu anatosha," Inspekta alisema, akakata simu.

Walipompitisha uani, Ghasia alisimama mbele ya mama. Huenda adabu yake ilimtuma aage, nani ajuaye. Watu wa aina hiyo huaga hata wakienda jehanamu. Aliinamisha kichwa. Alisema, mama, nisamehe.

Mama alimtazama viatu hadi nywele, zile nywele zilizokuwa zikisimama kwa sabuni yake ya kufulia.

"Wa Jumanne pia uliutundika vizuri," alisema. "Sikuwepo kukushukuru."

Akaingia jikoni. Wakiwa getini walimsikia akitia maji kwenye sufuria, akiinjika chakula cha mtoto aliyebaki.